Mlima wa Taka Uliogeuka Hazina: Historia ya Kobalti ya Kasese

Mji wa Kasese uko magharibi mwa Uganda, chini ya Milima ya Rwenzori, si mbali na mpaka wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Upande wake mmoja kuna milima ambayo vilele vyake vina theluji ingawa vipo karibu na ikweta. Upande wa pili kuna tambarare ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, inayoteremka polepole hadi Ziwa George. Kuanzia miaka ya 1950, baina ya milima hiyo na ziwa hilo palirundikwa unga mzito wa madini, ukaachwa wazi kwa jua na mvua hadi ukafikia takriban tani milioni 1. Maji yaliyotiririka kutoka katika lundo hilo yaliua majani yaliyokutana nayo njiani. Hata hivyo, mwishoni mwa karne ya 20 lundo hilohilo lilijengewa kiwanda, likatolewa metali yenye thamani kubwa, na hatimaye likamalizika.

Makala haya yanaisimulia historia hiyo kwa sababu inazua maswali mawili ambayo kila raia anapaswa kujiuliza. Kitu kimoja kinawezaje kuwa sumu na hazina kwa wakati mmoja? Na katika miaka ambayo hakuna aliyekiona kuwa hazina, ni nani aliyebeba gharama ya sumu yake? Kwa kuwa wengi wenu, wanafunzi wapenzi, bado mnajifunza Kiswahili, nitaifafanua kila istilahi ngumu pale itakapojitokeza kwa mara ya kwanza.

Shaba ya Kilembe

Kilembe ni bonde lililo kilomita chache kutoka Kasese, ambamo Mto Nyamwamba unapita ukitoka Rwenzori. Dalili za shaba katika bonde hilo zilijulikana tangu mwanzoni mwa karne ya 20, lakini kwa miongo kadhaa hakuna aliyeichimba kwa wingi. Sababu yake si ngumu kuielewa. Shaba ni nzito, nayo bandari ya Mombasa iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapo. Bila reli, gharama ya kuisafirisha ingemeza faida yote. Bila umeme wa kutosha, mawe yake yasingeweza kuyeyushwa humu nchini.

Mambo mawili yalibadilisha hali hiyo. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa huko Jinja, Mto Nile unapotoka katika Ziwa Victoria, na umeme ukapatikana. Mwaka 1956 reli ya magharibi ilifika Kasese. Mwaka huohuo mgodi wa Kilembe, uliokuwa ukiendeshwa na kampuni ya Kilembe Mines chini ya wawekezaji kutoka Kanada, ulianza kuzalisha. Madini yalichimbwa na kusafishwa Kilembe, yakasafirishwa kwa treni hadi Jinja, yakayeyushwa katika tanuri kubwa, kisha shaba ikapelekwa Mombasa na kupakiwa melini. Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962, shaba ilikuwa miongoni mwa bidhaa zake kuu za kuuza nje, ikizifuata kahawa na pamba.

Ni vyema tueleze kwa ufupi jinsi madini yalivyosafishwa, kwa maana lundo letu lilianzia hapo. Mawe yaliyotoka mgodini yalisagwa hadi yakawa unga. Unga huo ulichanganywa na maji na kemikali maalumu, kisha hewa ikapulizwa ndani yake. Mapovu yaliyopanda juu yalibeba chembechembe za shaba, nazo zikakusanywa. Njia hii huitwa uelezaji, kutokana na kitenzi kuelea, kwa sababu kinachotafutwa hufanywa kielee.

Baada ya shaba kuondolewa, kulikuwa na kitu kingine ndani ya unga ule: pairiti. Hili ni jiwe la chuma na salfa lililoungana, lenye mng'ao wa manjano ambao umewahadaa watu wengi wakidhani wameokota dhahabu. Pairiti ya Kilembe ilikuwa na jambo la pekee. Ndani ya fuwele zake ilijificha metali nyingine iitwayo kobalti, kwa kiasi cha takriban asilimia 1.4. Maana yake ni kwamba kila tani moja ya unga huo ilibeba kilo 14 hivi za kobalti. Wenye mgodi walilijua hilo. Tatizo lilikuwa kwamba hawakuwa na njia ya kuitoa kwa gharama nafuu. Basi wakaitenga pairiti hiyo na kuirundika Kasese, karibu na reli, wakingojea siku ambayo elimu na bei vingeruhusu.

Hapa pana somo la lugha lililo pia somo la historia. Kitu kilichowekwa kwa ajili ya kesho huitwa akiba. Kitu kilichotupwa huitwa taka. Lundo la Kasese lilianza likiwa akiba, lakini kadiri miaka ilivyopita bila mtu wa kulitunza, likawa taka. Halikubadilika hata chembe katika asili yake. Kilichobadilika ni uangalizi.

Jina la kobalti

Neno kobalti linatokana na neno la Kijerumani la zamani, kobold, lenye maana ya jini au pepo mtundu wa chini ya ardhi. Wachimba fedha wa Ujerumani walikutana na mawe yaliyofanana na madini ya fedha, lakini walipoyayeyusha hawakupata fedha bali moshi wenye sumu. Wakaamini kwamba pepo wa mgodini amewachezea. Katika miaka ya 1730, mkemia wa Sweden aitwaye Georg Brandt alionesha kwamba ndani ya mawe ya namna hiyo mna metali mpya ambayo haikuwa imetambuliwa.

Kwa karne nyingi madini ya kobalti yalitumika kutia rangi ya buluu katika vioo na vyombo vya udongo. Katika karne ya 20 kazi zake ziliongezeka. Hutumika katika sumaku zenye nguvu, katika vyuma vya injini za ndege vinavyostahimili joto kali, na siku hizi katika betri za simu na magari ya umeme. Jirani yetu Kongo ndiye mzalishaji mkuu wa kobalti duniani. Ndiyo maana machafuko ya huko hutikisa bei kote ulimwenguni. Mwaka 1978, vita vilipozuka katika eneo la Katanga, ambalo wakati huo liliitwa jimbo la Shaba, bei ya kobalti ilipanda kwa kasi kubwa. Katika mwaka huo, lundo la Kasese lilikuwa limelala palepale, likinyeshewa.

Mvua, pairiti na tindikali

Miaka ya 1970 haikuwa ya heri kwa Kilembe. Idi Amin alitwaa madaraka mwaka 1971, uchumi ukadidimia, vipuri vikakosekana, na wawekezaji wa Kanada wakaondoka. Mgodi ulibaki mikononi mwa serikali, uzalishaji ukapungua mwaka hadi mwaka, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji ukakoma. Wachimbaji walitawanyika. Lundo likabaki.

Pairiti iliyolala chini ya ardhi, mbali na hewa, haimdhuru mtu. Ikisagwa na kuachwa wazi, mambo huwa mengine. Hewa na maji huishambulia, salfa iliyomo hugeuka kuwa tindikali ya salfa, na chuma huyeyuka. Tindikali ndilo jina la Kiswahili la asidi, yaani kimiminika kikali kinachochoma na kula metali. Maji ya mvua yaliyopita katika lundo la Kasese yalitoka yakiwa na rangi ya kutu, makali, na yamebeba chuma, shaba na kobalti zilizoyeyuka ndani yake. Kimiminika ambacho ndani yake kitu kingine kimeyeyuka huitwa mmumunyo. Lundo zima lilikuwa limegeuka kiwanda kisicho na msimamizi, kikitengeneza mmumunyo wa metali usiku na mchana na kuumwaga ardhini.

Maji hayo yalifuata mteremko. Yaliingia katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth na kuacha ukanda wa ardhi tupu ambamo nyasi hazikuota, yakaelekea Ziwa George. Ziwa hilo si ziwa la kupuuzwa. Ni kina kifupi, lina samaki wengi, na vijiji vya wavuvi vinaishi kwa kulitegemea. Mwaka 1988 ardhioevu yake iliwekwa chini ya Mkataba wa Ramsar, ikiwa ya kwanza nchini Uganda kupata hadhi hiyo ya kimataifa. Watafiti waliopima matope ya ziwa hilo walikuta humo shaba na kobalti zilizotoka Kilembe na Kasese.

Ajabu ni kwamba hasara ilikuwa ya aina mbili kwa pamoja. Kila mvua iliponyesha, nchi ilipoteza metali ya kuuza, na ziwa likapokea sumu. Metali iliyopotea na sumu iliyopokewa zilikuwa kitu kimoja.

Elimu ya kuvua metali majini

Je, metali iliyoyeyuka majini inaweza kurudishwa? Elimu hiyo ni kongwe. Nchini China, wakati wa utawala wa Song, watu walizalisha shaba nyingi kwa kuweka vipande vya chuma katika maji ya buluu yaliyotoka kwenye miamba yenye shaba. Chuma kiliyeyuka taratibu na shaba ikatua mahali pake, kana kwamba wageni wawili wamebadilishana kiti. Katika karne ya 18, huko Parys Mountain kisiwani Anglesey, Wales, maji machafu ya mgodi yalielekezwa katika mabwawa yaliyojaa vyuma chakavu, na shaba ikakusanywa kama matope.

Kanuni yake ni hii: metali huwa na nguvu tofauti za kung'ang'ania hali yake. Ile iliyo tayari zaidi kuyeyuka huingia katika mmumunyo, na ile iliyo bora zaidi hutolewa nje. Mwaka 1887, huko Glasgow, John Stewart MacArthur na ndugu wawili wa ukoo wa Forrest waliweka msingi wa njia ya kuyeyusha dhahabu kwa sianidi, kisha kuitoa katika mmumunyo kwa kutumia zinki. Njia hiyo ilienea haraka katika migodi ya Afrika Kusini. Maabara za picha za zamani nazo zilifuata kanuni ya aina hii. Dawa iliyotumika kusafishia filamu iliyeyusha fedha iliyomo katika filamu, na badala ya kuimwaga, maabara zenye busara ziliipitisha katika nyuzi za chuma au zikatia umeme, fedha ikarudi.

Umeme ndiyo njia ya pili. Ukizamisha mabamba mawili katika mmumunyo wa metali na kupitisha umeme, metali hutoka majini na kujiganda juu ya bamba moja. Njia ya tatu ni chokaa. Ukitia chokaa katika maji yenye tindikali, ukali wake hupungua na baadhi ya metali, hasa chuma, huacha kuyeyuka na kutuama chini kama matope.

Kulibaki fumbo moja. Kwa nini maji ya migodi huwa makali upesi kuliko kemia peke yake inavyoweza kueleza? Mwaka 1947, nchini Marekani, Arthur Colmer na M. E. Hinkle walitangaza kwamba ndani ya maji makali ya migodi ya makaa ya mawe mnaishi bakteria wanaoharakisha kazi hiyo. Bakteria ni viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Hawa hawahitaji nyama wala majani. Hupata nguvu zao kwa kuunguza chuma na salfa, na hustawi mahali ambapo viumbe wengine wangekufa. Kwa maneno mengine, walewale walioliharibu bonde ndio waliojua kufungua kufuli ya pairiti. Kilichotakiwa ni kuwatoa kwenye lundo na kuwapa kazi ndani ya tangi.

Kiwanda cha Kasese

Kazi hiyo ilifanyiwa utafiti na wanasayansi wa taasisi ya jiolojia ya Ufaransa, BRGM, na kampuni ya Kasese Cobalt ikaundwa katika miaka ya 1990 kwa ubia wa wawekezaji wa kigeni na Kilembe Mines. Kiwanda kilianza kazi mwaka 1999. Kilikuwa miongoni mwa viwanda vya kwanza duniani kutumia bakteria ili kupata kobalti kwa kiwango cha biashara.

Hatua zake zilifuatana hivi. Kwanza, pairiti ilichotwa kutoka katika lundo, ikasagwa tena na kuchanganywa na maji. Pili, uji huo ulipelekwa katika matangi makubwa walimokuwa bakteria. Humo walipulizwa hewa, wakapewa virutubisho, na joto likadhibitiwa lisizidi sana nyuzi 40, kwa maana kazi ya bakteria yenyewe hutoa joto jingi na bila kupozwa wangejiua. Mawe ya chokaa yalitiwa ili tindikali isizidi kiasi wanachokistahimili. Tatu, pairiti ilipokwisha kuyeyuka, chokaa iliongezwa ili chuma kitue chini. Nne, shaba, zinki na metali nyingine ziliondolewa moja baada ya nyingine kwa kemikali zinazochagua. Hatimaye ulibaki mmumunyo wa kobalti. Umeme ukapitishwa, na kobalti ikaganda juu ya mabamba, tayari kuuzwa.

Kiwanda cha namna hiyo hula umeme mwingi. Kwa sababu hiyo kampuni ilijenga kituo chake cha umeme wa maji katika Mto Mubuku, chenye uwezo wa takriban megawati 10. Mto kutoka Rwenzori ulitoa nguvu, mawe ya chokaa yakapatikana jirani, na malighafi ilikuwa imekwisha kuchimbwa na kusagwa miaka mingi nyuma na watu ambao wengi wao hawakuwapo tena. Kwa hesabu nyepesi, tani milioni 1 zenye kobalti ya asilimia 1.4 zina tani 14,000 za metali hiyo. Si zote zilizoweza kuokolewa. Nyingine ilibaki katika matope ya kiwanda, na nyingine ilikwisha kuchukuliwa na mvua kabla ya kiwanda kuja.

Bei ilipolala

Tukiishia hapo, hadithi ingekuwa tamu: palikuwa na sumu, elimu ikaja, sumu ikawa fedha. Lakini historia haina huruma kwa hadithi tamu. Mwaka 2002 bei ya kobalti duniani ilikuwa imeanguka. Kiwanda kilisimamishwa, na kwa zaidi ya mwaka mmoja lundo lilirudi katika hali ya kungoja. Bei ilipoinuka tena, mwaka 2004, kazi ikarejea, ikaendelea kwa takriban miaka kumi mpaka pairiti ikakwisha.

Tulitafakari tukio hilo. Katika kipindi ambacho kiwanda kilinyamaza, mvua haikunyamaza. Wala Ziwa George halikuwa na habari za soko la metali. Sababu iliyofanya lundo lianze kuondolewa ilikuwa faida, na faida ilipotoweka, usafi nao ulisimama. Simlaumu mwekezaji kwa kufuata faida, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Ninachosema ni kwamba afya ya ziwa na ya watu wake ilikuwa imefungwa kwa kamba ya bei inayopangwa mbali nao, na wao hawakuwa na mkono katika kamba hiyo.

Kilichobaki

Lundo la Kasese limekwisha, na hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, kumaliza lundo si sawa na kusafisha nchi. Udongo uliokwisha kunywa tindikali kwa miongo kadhaa haurudi katika hali yake kwa sababu chanzo kimeondolewa. Kiwanda nacho kilizalisha taka zake, yaani matope ya chuma na chokaa yaliyohifadhiwa katika bwawa, ambayo sharti yaangaliwe.

Tena, pale Kilembe juu, mabaki mengine ya mgodi, yaliyotokana na miaka ya uchimbaji wa shaba, yamelala kandokando ya Mto Nyamwamba. Tarehe 1 Mei 2013 mto huo ulifurika vibaya. Watu walikufa, nyumba zilisombwa, na hospitali ya Kilembe iliharibiwa. Mafuriko yalirudi mwaka uliofuata na tena mwaka 2020. Kila mto unapofurika, hula kingo zake, na mabaki hayo huteremka pamoja na mawe na miti hadi mashambani na majini. Watafiti wamekuta metali za mgodi katika udongo wa mashamba ya bonde hilo. Mabaki hayo hayana kobalti nyingi kama ilivyokuwa pairiti ya Kasese, kwa hiyo hakuna kampuni inayoyakimbilia. Hapo ndipo tunapoona mpaka wa soko: huokota kilicho na thamani na kuacha kilicho na sumu tu.

Somo kwa raia

Historia hii haihusu Uganda peke yake. Huko Kolwezi, Kongo, mabaki ya zamani ya shaba na kobalti yanachakatwa upya tangu mwaka 2018. Tanzania, katika maeneo ya dhahabu kama Geita, wachimbaji wadogo huyaita mabaki yaliyokwisha kuchenjuliwa mara moja marudio, kwa sababu hurudiwa ili kutafuta dhahabu iliyobaki. Neno hilo ni zuri. Linakiri kwamba kilichotupwa hakijamalizika. Lakini marudio yaliyochenjuliwa kwa zebaki hubeba zebaki, na yakirudiwa kwa sianidi bila uangalifu huwa na hatari juu ya hatari. Kutoa hazina katika taka ni jambo jema pale tu ambapo anayeitoa hajirani sumu kwa mwingine.

Nayaona mambo matatu ya kujifunza.

La kwanza ni kuweka hesabu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mgodi unapofungwa, raia wana haki ya kujua nini kimeachwa, wapi, kiasi gani, na maji yake yanaelekea upande gani. Lundo la Kasese lilikuwa na kobalti ya maelfu ya tani, na kwa miaka mingi mvua ndiyo iliyokuwa mhasibu wake.

La pili ni kwamba wajibu usingoje bei. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 39, inampa kila raia haki ya mazingira safi na yenye afya, na ibara ya 17 inamtwika kila raia wajibu wa kuyalinda. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 inatambua kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Haki iliyoandikwa katika katiba haipandi wala kushuka kama bei ya kobalti. Kwa hiyo gharama ya kusafisha haina budi kuwekwa kando tangu siku ya kwanza ya uchimbaji, wakati mwekezaji yupo na faida ipo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na aghalabu anayejenga ukuta si yule aliyeuacha ufa.

La tatu ni thamani ya elimu. Bakteria walikuwapo Kasese kabla ya wahandisi kufika. Chokaa ilikuwapo, mto ulikuwapo. Kilichokosekana kilikuwa maarifa ya kuviunganisha, nayo yalikuja kutoka nje. Vijana wa nchi zetu wanaosoma kemia na biolojia leo wanapaswa kujua kwamba kitabu chao kinahusu lundo lililo nyuma ya kijiji chao. Na wanaosoma Kiswahili wajue kwamba lugha hii ina uwezo wa kulizungumza jambo hilo katika kikao cha kijiji, mahali ambapo mvuvi, mkulima na mhandisi wanahitaji kuelewana.

Lundo la Kasese liliondoka kwa sababu lilikuwa na bahati ya kuwa na kobalti. Mabaki ya Kilembe hayana bahati hiyo. Yatakapoondolewa au kuzuiliwa, haitakuwa kwa sababu soko limeyaita, bali kwa sababu wananchi wamedai.

Maswali ya mjadala

1. Eleza tofauti kati ya maneno akiba, taka na marudio kwa kutumia mifano kutoka katika makala haya.
2. Kwa nini kufungwa kwa kiwanda mwaka 2002 ni tukio muhimu kwa wakazi wa karibu na Ziwa George?
3. Je, katika eneo lenu kuna mabaki ya kiwanda, karakana au mgodi? Andika barua rasmi kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa ukiuliza ni nani anayewajibika kuyatunza.